Kubali Kudaiwa: Mwongozo wa Kushika Maneno Chundwa

Anayekwenda Chundwa kutafuta maneno na afunge daftari lake kabla hajapanda boti. Alifunge kwa kamba, fundo la kweli, kisha alitie chini kabisa ya kikapu, chini ya nguo, chini ya mkate wa mofa, mahali ambapo mkono hautafika bila kumsumbua jirani. Likae huko mpaka usiku. Kuandika si kosa, na usiku ataandika. Lakini mchana neno lililokwisha kuandikwa humdanganya mwenyewe: jicho likiliona tena hulitambua, moyo ukatulia, mtu akadhani analo. Kulitambua neno lililo mbele yako ni kazi moja. Kulitoa kinywani wakati hulioni, na mtu anakungoja, ni kazi nyingine kabisa. Na Chundwa watakungoja.

Mji wenyewe uko kisiwani Pate, Lamu Mashariki, jirani na Faza, Kizingitini na Mbwajumwali. Ni mji wa Watikuu, ambao wengi nje ya visiwa huwaita Wabajuni, na Kiswahili chao ni Kitikuu. Maneno ya huko yamefungamana na kazi za huko: bahari, mikoko, minazi, shamba. Nauandika mwongozo huu kwa ajili ya mwalimu mgeni aliyepangiwa kufundisha visiwani, kwa mwanafunzi wa chuo kikuu anayekuja na maswali yake, na zaidi ya wote kwa kijana aliyezaliwa Mombasa, Malindi au Nairobi na wazazi wa Kitikuu, anayemwelewa nyanya yake neno kwa neno lakini kila akijibu hujibu kwa Kiswahili cha shule. Huyo wa mwisho ndiye aliyenikalisha kitako niandike.

Ukishashuka, ukasalimia, ukaonyeshwa pa kulala, jambo la kwanza ni kutafuta mdai. Neno jipya lichukue kama deni: usipodaiwa utalisahau, tena kwa raha zako. Na mdai bora ni mtoto wa miaka saba au minane. Mtu mzima atakuonea haya, atakusaidia upesi, atakumalizia neno kabla hujalitafuta. Mtoto hana huruma hiyo. Ametoka chuo cha Kurani, jioni ni ndefu, na hasahau alichokufundisha jana. Mpe ruhusa moja tu: kila akuonapo, popote, akuulize.

“Mwalimu, hii waitaje?”

“Hii... hii ni kamba.”

“Kamba zote ni kamba. Hii ni kamba gani?”

“Ningoje kidogo, mwanangu.”

“Haya, nangoja.”

Naye atangoja kweli, amesimama kwa mguu mmoja, macho yake kwenye midomo yako, na wenzake watatu wameshafika kutazama. Utalitafuta neno mpaka jasho likutoke. Likitoka, henza, kamba ya kupandishia tanga, watashangilia na kukimbia, na wewe hutaisahau henza maisha yako yote. Lisipotoka watalisema wao kwa pamoja, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Hilo nalo hutalisahau.

Kule kuhangaika ndiko kunakofanya kazi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa miaka, akikariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: baada ya saa moja zaidi ya nusu ya jasho lake la kujifunza lilikuwa limepotea, na baada ya siku moja lilikuwa limepotea kama thuluthi mbili. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi makala wasome. Wengine waliirudia kuisoma tena na tena, wengine waliisoma mara moja kisha wakajipima bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 40, na waliojipima asilimia 61. Mtoto wa Chundwa hajasoma utafiti huo wala hauhitaji. Yeye anakupima.

Sasa uchaguzi wa wakati, na hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwani ndipo wengi wanapoharibu. Kurudia neno mara ishirini kwa usiku mmoja ni kujichosha. Neno linataka kurudiwa likiwa limeanza kupotea, si kabla. Mwandishi Sebastian Leitner alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1970 namna ya kulipanga jambo hilo kwa kadi na sanduku la vyumba vitano: kadi unayoijua husogezwa chumba cha mbele na hukawia kuulizwa tena, ile iliyokushinda hurudi chumba cha kwanza na kuulizwa kesho. Ni njia njema, na mjini itumie. Chundwa huna haja ya sanduku. Ratiba utaipata kwa maji.

Maji hujaa mara mbili kwa siku moja, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Wakati wa mwezi mwandamo na wa mwezi mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Katikati yake huja maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ikawa ndogo. Kutoka bamvua hadi maji mafu ni kama wiki moja, na hadi bamvua nyingine ni kama wiki mbili. Basi fanya hivi. Neno ulilolipata asubuhi maji yakijaa, lidaiwe jioni maji yakijaa tena. Lidaiwe kesho yake. Kisha liache. Maji mafu yakifika lidaiwe, na bamvua inayofuata lidaiwe kwa mara nyingine. Likiwa bado lipo, limekuwa lako. Likiwa limepotea, lianze upya bila manung’uniko. Faida ya ratiba hii ni kwamba huwezi kuikwepa. Boti za Amu, mji wa Lamu, zikienda Pate hupita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, na maji yakitoka mkondo ule haupitiki kwa kila boti. Mvuvi, mkata mikoko, abiria, mwenye mzigo wa saruji, kila mmoja anayatazama maji. Nawe utayatazama, na kila ukiyatazama utakumbuka unadaiwa.

Tuje kwenye mikono. Anayejifunza maneno ya mikoko kwa kusikiliza tu anapoteza siku zake. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na biashara ya miti yake ilivuka bahari kwa karne nyingi hadi Uarabuni na Ghuba, kwenye majumba ambayo upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti. Miti hiyo ikishakatwa hupewa majina kwa unene wake: fito ndiyo myembamba kuliko yote, kisha pau, kisha mazio, boriti, nguzo, vigingi, na mwisho banaa, ambao ni mnene hata hauingii kwenye viganja viwili. Majina saba. Ukiyaorodhesha na kuyakariri kwa mfululizo utakuwa nayo ukianzia mwanzo, lakini ukioneshwa mti mmoja peke yake utababaika baina ya pau na mazio mpaka wenye kazi waondoke.

Maneno ya aina moja yakifundishwa kwa mkupuo mmoja hugongana. Hili walimu wa lugha wanalijua vizuri, na ndiyo sababu mtu aliyefundishwa majina ya rangi zote siku moja huzichanganya mwaka mzima. Kwa hiyo anza na ncha mbili. Siku ya kwanza shika fito na shika banaa, basi. Fito huzungukwa na kidole gumba na cha shahada, tena nafasi inabaki. Banaa uukumbatie. Maji mawili yakipita, ongeza boriti katikati. Ukiwa na hakika na hizo tatu, zilizobaki zitajipenyeza zenyewe kati ya jirani na jirani. Na kila unaposema jina uwe umeushika mti. Gome la mkandaa, aina moja ya mikoko, haliparuzi kiganja kama la mkoko wenyewe, na kiganja kina kumbukumbu yake, humrudishia mtu neno ambalo kichwa kimelitupa.

Minazi nayo ifuatwe hivyo hivyo, ila kwa umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, mpaka mbata. Hapa mwalimu wako awe ulimi. Kitale bado ni kichanga, dafu lina maji matamu na nyama laini, koroma limeanza kukomaa na halijafaa kukunwa. Ukishapewa koroma nawe ulitaka dafu, utajua tofauti yake bila kuandikiwa.

Baharini kuna sharti moja: usiwe abiria. Omba kazi, hata iwe ndogo. Aliyekaa katikati ya dau akitazama mawimbi atarudi na picha nzuri na maneno mawili. Aliyepewa demani ashike, kamba ile inayokaza na kulegeza tanga, na akaambiwa alegeze wakati upepo umebadilika ghafula, atarudi na demani, foromali, joshi na omo, na viganja vyake vitakuwa vyekundu. Upepo haungoji mtu afikiri. Nahodha akisema “legeza”, utalegeza. Usipolegeza, chombo kitalala ubavu na wote watakutazama. Ukirudi pwani, nenda walipo mafundi. Mwangalie anayekalafati: amechuchumaa ubavuni mwa chombo, anasokota pamba kwa vidole, anaitia katika mwanya wa mbao, kisha anaishindilia kwa chembeu kwa mapigo mafupi mafupi, na harufu ya sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka chombo, imejaa hewani. Usimwulize jina la kitu huku mkono wake ukiwa juu. Ngoja anyooshe mgongo. Kisha sema, “Ami, nisaidie jina la hiki,” na akishakupa mwombe ukishike. Akikukubalia upige mapigo mawili matatu, piga. Nina hakika na hili: neno kalafati halimtoki mtu aliyewahi kukalafati.

Sasa jambo ambalo wageni hulipuuza, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote: wimbo. Wazee wa visiwa hivi hawakungoja wataalamu wa Ulaya waje kuwaeleza namna ya kuhifadhi. Watikuu wana vave, nyimbo za wakulima za wakati wa kuchoma msitu uliofyekwa ili walime, na wana kimai, nyimbo za kazi za baharini. Pate ndipo ulipotungwa Utendi wa Tambuka mwaka 1728, na Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alimtungia bintiye utenzi wake mwaka 1858. Tenzi hizo zilikaa vifuani mwa watu, pamoja na wengi wasiojua kuandika, kwa sababu ya namna zilivyoundwa: vipande vya mizani nane, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja, na cha nne kikibeba kina kinachorudi katika kila ubeti mpaka mwisho. Ukisahau neno, mizani inakuambia lina silabi ngapi na kina kinakuambia linaishiaje. Nusu ya deni imeshalipwa kabla hujafungua mdomo.

Aliyeitumia hazina hiyo kwa makusudi ni Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu wa mwaka 1927, aliyefariki mwaka 2017. Aliona maneno ya vyombo yanapungua, akatunga Sambo ya Kiwandeo, utenzi uliochapishwa Leiden mwaka 1979, unaokupitisha katika uundaji wa chombo hatua kwa hatua na kukitaja kila kitu kwa jina lake. Mwaka 1985 ukatoka Umbuji wa Mnazi, nao ukaufanyia mnazi hivyo hivyo. Nabhany huyo huyo ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa maneno runinga na ngamizi. Runinga leo husikika kila jioni katika taarifa za habari za Kenya, na ngamizi lilizidiwa nguvu na kompyuta na tarakilishi. Mwasisi ni mmoja na ustadi ni ule ule, ila runinga lilipata wa kulidai kila siku na ngamizi halikupata.

Basi nawe tunga. Usiogope kuwa hukuzaliwa malenga. Ubeti wa kushikia maneno hautaki falsafa, unataka mizani itimie. Huu ni wangu, wa ile miti saba:

Fito, pau, kwa vidole
mazio, boriti, mbele
nguzo beba polepole
vigingi, banaa pia.

Usome kwa mahadhi ya utendi mbele ya watu wa kazi hiyo. Watakusahihisha, watakuongezea, pengine watautupa na kukupa ulio bora. Chukua ulio bora na ushukuru.

Kuhusu sauti, kuna ufunguo utakaokupunguzia mzigo. Kiamu, lahaja ya Lamu, husema ndia kwa njia, ndoo kwa njoo, mato kwa macho, mtele kwa mchele, zombo kwa vyombo. Ukishaona kwamba mabadiliko hayo yana utaratibu, huna tena haja ya kukariri mamia ya maneno moja moja. Unakariri sauti chache, na maneno yanafuata. Lakini ufunguo wa Amu haufungui kila mlango wa Chundwa. Kitikuu kina utaratibu wake, na heshima kwa wenyewe ni kuusikiliza kwa masikio yako wiki nzima kabla ya kuanza kuwatolea kanuni.

Na ukiwa mwalimu wa darasani, kumbuka kwamba mtoto anayekudai henza jioni, asubuhi ni yeye anayedaiwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo mtoto wa visiwa vya Lamu, ambaye wazee wake walitunga tenzi nilizozitaja, hufika shuleni akakuta maneno ya nyumbani yamepigwa mstari mwekundu. Anajifunza sanifu, anajifunza Kiingereza, na vyote anavihitaji. Usimfutie cha nyumbani ili kupata nafasi ya hivyo. Badilishaneni. Akupe jina la kamba, umpe neno la mtihani linalomtatiza. Akikudai mara tatu, mdai mara tatu. Mwandikie neno lake la Kitikuu ubaoni kando ya la sanifu, yote mawili kwa chaki nyeupe, na darasa liyasome yote mawili kwa sauti. Nimeona darasa likichangamka kwa jambo dogo hilo kuliko kwa zawadi ya kalamu.

Ukicheka wakati wengine wanakucheka, utajifunza mara mbili. Ukikasirika, watoto wataacha kukuuliza, na siku watakapoacha ndipo masomo yako yatakapokwisha. Mgeni aliyeombwa arudie neno lake baya mbele ya baraza zima na akalirudia kwa tabasamu atapewa kahawa, tende, na maneno mengine matano ambayo hakuyaomba.

Usiku sasa, fungua daftari. Andika yale uliyoyakumbuka bila kumwuliza mtu. Uliyoyasahau acha nafasi tupu, mstari mmoja kwa kila neno, ili kesho ujue wa kumwendea. Kurasa zenye nafasi nyingi tupu ndizo kurasa za mtu anayejifunza.

Haraka ipo, na siifichi. Boti za faiba zenye mashine zimeenea visiwani, zinafika upesi na zinaokoa maisha ya wagonjwa, na sitamwambia mtu yeyote arudi kwenye tanga kwa ajili ya msamiati. Lakini boti ya mashine haina henza wala foromali, na mtoto anayekulia humo hatawahi kudaiwa maneno hayo na kazi yenyewe. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, ulikuwa fahari ya visiwa hivi. Ulitoweka katika karne ya 20, na sehemu kubwa ya maneno yake leo iko kwenye makumbusho na kwenye kamusi kama ile ya Padri Charles Sacleux iliyochapishwa Paris kuanzia mwaka 1939. Kamusi inahifadhi. Haiwezi kukusimamia kwa mguu mmoja ikangoja jibu.

Walioyashika maneno ya tanga wapo bado, Chundwa na Kizingitini, Faza na Siyu, na wengine wamehamia kwa watoto wao Mombasa na Malindi. Kama babu yako ni mmoja wao, mpigie simu leo. Mwombe maneno matano, hata kama ni ya sehemu tano tu za dau. Kesho mpigie tena, na kabla hajasema lolote mwambie, “Babu, nidai.”